Dada Sangwan, Aliyeididimiza Boti Ikapita

Kama si mimi, Thawin, nahodha wa boti nambari saba, mji wa Bangkok leo ungekuwa unawaonyesha wageni maduka na majengo marefu tu, na mifereji yote ya upande wetu wa Thonburi ingebaki ya kambale na kenge. Nalisema hili mapema ili mjue kalamu hii imeshikwa na nani. Ushirika ulipotafuta mtu wa kuandika wasifu kwenye kijitabu hiki cha sherehe, walitajwa kwanza watu wenye vyeti. Mwisho wakaja kwangu niliyeishia darasa la nne, maana mambo ya Dada Sangwan hayakuandikwa kwenye cheti cha mtu yeyote.

Basi tuanze kwa utaratibu. Dada Sangwan Phetkaeo, mwongoza watalii wa Ushirika wa Boti Ndefu wa Gati la Lamphu, anastaafu tarehe 30 Septemba baada ya miaka thelathini na nne ya kazi. Katika miaka yote hiyo hakuna mgeni aliyeanguka majini akiwa chini ya uangalizi wake, isipokuwa wale walioruka wenyewe kwa furaha, na hao hatuwahesabu.

Hakuanza kwa kuongoza mtu. Alikuwa akiuza mikate iliyolala, ile wanayonunua wageni kuwatupia kambale wa mbele ya hekalu. Siku moja mwongozaji wa zamu alikula chaza wabovu, tumbo likamgeuka. Wageni wameshakaa, injini inanguruma, hakuna wa kuwasemesha. Sangwan akaruka ndani na kapu lake la mikate. Kiingereza alikuwa hana hata cha kuombea maji. Akanyoosha kidole kwenye nyumba, akataja nyumba. Akanyoosha kwa mtawa, akataja mtawa. Walipofika kwenye ngazi anapootea jua yule kenge mkubwa, wageni wakapiga mayowe wakidhani mamba. Sangwan maneno yalikuwa yamemwishia, kwa hiyo akasimama wima akampigia kenge saluti. Wageni wakatulia, nao wakapiga saluti. Tangu siku hiyo kenge yule anaitwa Mkuu wa Zamu, na hakuna boti yetu inayompita bila kumsalimu. Mimi nimemwona kwa macho yangu mawili akiinua mkono wa mbele kujibu. Asiyeamini aje kesho asubuhi, nitampeleka.

Sauti yake nyote mnaijua. Kipaza sauti alipewa kwa heshima tu, hakikuwa na kazi ya kufanya. Na alikuwa na namna ya kumkataza mgeni bila kumvunjia furaha. Mnajua wageni wanavyoipenda omo, ile ncha ya mbele ya boti, kwa ajili ya picha. Omo ndipo anapokaa Mama wa boti, roho anayeilinda, ndiyo maana tunamfunga vitambaa vya rangi na mashada ya maua, na mguu wa mtu haupandi pale. Mzee mmoja mwenye kofia kubwa alikuwa ameshainua mguu.

"Babu, hapo pana mwenyewe," Sangwan akamwambia.

"Mbona simwoni?"

"Naye hajakuona bado. Ndiyo maana hujaloa."

Mzee akaurudisha mguu taratibu, na safari nzima akawa anaichungulia omo kama mtu anayedaiwa salamu.

Kuna na ule mfuko wake wa saruni za kuwafunika wageni wanaotaka kuingia hekaluni na mapaja wazi. Alikuja bwana mmoja mkubwa kama kabati, saruni moja ikagoma kumzunguka. Sangwan akaunganisha mbili, zote za maua mekundu, akamfunga vizuri na kumgeuza mbele na nyuma amkague. Yule bwana alipendeza kiasi kwamba alikataa kuvua, akapanda nazo ndege. Nasikia huko kwao sasa ndiyo nguo ya harusi.

Lakini haya yote ni vitafunio. Dada Sangwan tunamkumbuka, na watoto wetu watamkumbuka, kwa siku ya Daraja la Bang Nai.

Wapya hamkuwepo, kwa hiyo sikilizeni. Wakubwa wa njia za maji walikuwa wamesema boti zetu zinakwama chini ya madaraja ya ndani maji yakijaa, zinaziba mfereji, na kwamba heri watalii wote wapelekwe mto mkubwa wakapande meli nyeupe zenye viyoyozi. Tukabembeleza, tukapeleka matunda, tukabembeleza tena. Tukapewa safari moja ya majaribio. Mkuu wao mwenyewe atapanda. Boti ikifika hekalu la Bang Nai, mzunguko wetu unabaki. Ikikwama njiani, gati letu linafungwa. Gati zima lilikuwa linakula kwa mzunguko ule, kuanzia manahodha hadi muuza maua ya omo.

Siku iliyopangwa ikawa ile ya mwezi mpevu wa mwezi wa kumi na mbili wa kalenda yetu ya kale, siku tunayoachia majini vibakuli vya majani ya mgomba vyenye mshumaa, kuyaomba maji msamaha. Katika mwaka mzima hakuna siku mfereji unajaa kama siku hiyo.

Sasa kosa letu, na lilikuwa kosa la heshima. Mkuu tulisikia ni mtu mzima, mwenye mvi, tena mrefu. Kwetu sisi kichwa cha mtu mzima hakiinamishwi ovyo. Nani angethubutu kumwingiza mgeni wa namna ile kwenye boti akiwa amejikunja kama anatafuta kifungo sakafuni? Ushirika ukakaa, sote tukaafiki kwa kauli moja: paa la boti liinuliwe shubiri nzima, na juu yake tupigilie urembo wa mbao uliopakwa dhahabu. Kazi ikafanyika, ikapendeza, kila mtu akaja kuishika. Madaraja hayakumjia mtu kichwani.

Dada Sangwan wakati huo alikuwa kwao mkoani kwa mazishi. Akarudi asubuhi ya safari yenyewe. Akalitazama paa, akayatazama maji, akalirudia paa.

"Mmefanya nini, ndugu zangu?"

"Tumemheshimu Mkuu," akajibu Bunlue, mwenyekiti wetu, ambaye ndiye aliyekuwa ashike usukani. "Leo ataingia kama anaingia kwake."

"Na daraja nalo mmeliheshimu?"

Wakati huohuo Mkuu alikuwa anashuka ngazi za gati na wasaidizi wake nyuma, nadhifu, tai shingoni. Akaingia botini wima bila kupunguza hata nywele. Hilo tulifaulu.

Madaraja ya mwanzo ni ya juu, yakapitika. Sangwan akaeleza nyumba na mahekalu, wakampigia saluti Mkuu wa Zamu, na Mkuu wa njia za maji akapiga ya kwake, mkuu kwa mkuu. Mambo mazuri. Ikaja kona ya Bang Nai, na hekalu hilo pale linaonekana, na mbele yake daraja la watembea kwa miguu limelala juu ya maji kama paka aliyeshiba. Bunlue akapunguza mwendo. Urembo wetu wa dhahabu ukagusa zege, ko! Boti ikasimama. Paa lilikuwa limezidi vidole viwili.

"Tumefika?" Mkuu akauliza.

"Karibu, baba," akasema Sangwan.

"Tumekwama, Mkuu," akasema msaidizi mmoja, yule wa kalamu mbili mfukoni.

Kulibomoa paa haikuwezekana. Tulikuwa tumelipigilia kwa heshima ileile, misumari mirefu kupita mahitaji. Kusubiri maji yatoke ni kusubiri hadi usiku. Bunlue usoni alikuwa na rangi ya maziwa ya soya. Ananiambia hadi leo kwamba pale alikuwa anatafuta maneno ya kumwambia mkewe.

Sangwan akapanda juu ya benchi. Akakiweka kipaza sauti chini, akaachia sauti yake mwenyewe kwenye zile nyumba za mbao za kandokando.

"Jamani wa Bang Nai! Nani yupo nyumbani? Njooni mpande boti, bure! Wazito watangulie!"

Kwenye baraza zote kina mama walikuwa wanakunja majani ya mgomba, mikono ikasimama hewani. Shangazi Lamai wa tambi akainuka polepole, kiuno kikamchukua muda.

"Sangwan! Unaniita mzito mbele ya serikali?"

"Nakuita kwa sababu nakutegemea, Shangazi! Huo uzito ni nyongeza tu!"

Watu wakacheka, na walipocheka ndipo walipoelewa. Boti iko juu, ikilemewa itashuka, ikishuka itapita. Shangazi Lamai akashuka ngazi yake na kukaa, boti ikaitikia. Sangwan akaendelea kuita kwa majina ya nyumbani, yale tunayopewa wachanga ili pepo wasitutamani. Akaita, "Mnene!" wakatoka watatu kutoka nyumba tofauti. Akaita, "Kiboko!" akatoka mama mmoja mwembamba sana, akarudishwa kwa shukrani. Wakaja na walichokuwa nacho mkononi, majani, maua, mishumaa, na mmoja na gunia la mchele wa kunata.

"Pandeni kwa ubavuni! Omo msiguse! Boti ikwame, izame, Mama hakanyagwi!"

Mkuu alikuwa amebanwa kati ya Shangazi Lamai na gunia la mchele, mvi zimejaa petali za maua. Kuna aliyempa kibakuli cha majani nusu kimekamilika. "Kishike hivi, baba. Usikibane, mshumaa utalala." Akakishika kwa mikono miwili, tai begani.

Kati ya vile vidole viwili paa lilivyozidi, kimoja kikaisha. Kikabaki kimoja.

"Dada, basi!" Bunlue akapiga kelele kutoka nyuma. "Tukizidisha tutaunywa mfereji!"

"Mmoja tu, Bunlue! Mmoja, lakini awe mtu kweli!"

Akaja. Kutoka nyumba iliyo karibu kabisa na daraja alitoka mtu mmoja wa maana sana, ambaye nitamtaja mwisho, kwa sababu mtu wa maana hatajwi katikati. Akashuka ngazi, akakaa. Boti ikatua kama mtu aliyeshusha pumzi. Bunlue akaigusa injini, kidogo, kama unavyomgusa mtoto aliyelala. Dhahabu ikakwaruza zege na kutumwagikia unga wake vichwani, giza la daraja likatufunika, halafu jua. Tukawa ng'ambo.

Makelele yaliyopigwa siku hiyo nadhani yalisikika hadi mto mkubwa, kwenye meli zile nyeupe. Kengele ya hekalu ikalia. Wako wanaosema ilikuwa saa yake ya kulia. Mimi nasema ilitulilia sisi.

Mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Akapanga foleni na watu wa Bang Nai kwenye ngazi za hekalu, akawasha mshumaa wake, akakiachia kibakuli chake majini, ndipo akageuka.

"Nimesimamia maji maisha yangu yote," akasema, "sijawahi kuvushwa daraja na majirani. Huu mzunguko usiguswe. Ila paa lile lishusheni. Mimi nitainama, shingo ninayo."

Msaidizi wa kalamu mbili alikuwa anashindana na Shangazi Lamai juu ya nani amemkalia nani.

Paa tukalishusha kesho yake. Lakini wageni walikuwa wameshasikia. Wakaanza kuja gatini kuulizia ile safari ambayo majirani wanaingia. Sangwan, mjanja, akaona kitu. Tukalirudisha lile paa refu kwenye boti moja, ya msimu wa maji mengi tu, na hadi leo ndiyo inayojaa kuliko zote. Wageni wanafika Bang Nai, wanakwama, wanaanza kuita wenyewe kwa lugha zao, na baraza zinashuka. Majirani hupewa askrimu ya nazi, na Shangazi Lamai sasa ana meza sita. Alama ya dhahabu ipo palepale chini ya daraja. Watu huinyooshea mikono wakipita.

Waongozaji wetu wote wa sasa amewafundisha yeye, na hakuna aliyefuzu kabla ya kumpigia saluti Mkuu wa Zamu bila kucheka. Gati lilitakiwa kufungwa. Limeongeza boti.

Dada Sangwan, ushirika mzima unakushukuru, na Mama wa kila boti anakushukuru kwa namna yake. Nenda ukapumzike kwenye nyumba isiyotikisika. Ukae barazani bila kumhesabu mtu, na wageni wapite wakikusemesha wao, kwa zamu yao. Maji yawe mema kwako, nasi tuwe wema vilevile, na siku ukitamani kupiga kelele, benchi la mbele ni lako.

Sasa yule mtu wa mwisho. Alikuwa mimi. Niliposema mwanzoni kwamba bila mimi mifereji hii ingebaki ya kambale na kenge, nilisema kweli tupu. Lakini usukani ulikuwa wa Bunlue, mmeshasoma. Mimi sikuwa zamuni. Nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu kifua na kitambi wazi, kikoi kiunoni, na bakuli langu la tatu la tambi mkononi. Dada Sangwan alinitazama kitambo, wala si usoni. Niliposimama nikaanza kutafuta pa kuliweka bakuli, akaniambia, wakubwa wote wakisikia:

"Thawin, usiliache hilo. Njoo nalo."