Winifred Luscombe na Wanaume Wake wa Baraza

Baada ya miaka thelathini na minane katika Hifadhi ya Nyaraka ya Stokecombe, Bi Winifred Luscombe anastaafu tarehe 30 Juni. Sisi tunaobaki tumeanza kumkumbuka kabla hata hajaondoka.

Alikuja akiwa msichana wa kupanga masanduku. Akakutana na orodha za wazee wa baraza, wale watu kumi na wawili wa kuamua kesi, akanasa. Zamani majina yao yalibandikwa mlangoni mwa kanisa, kila mwenye shamba au nyumba yake, pamoja na kazi na kijiji. Anayetafuta ukoo atake nini zaidi? Winnie aliwaita "wanaume wangu", na mumewe Desmond alishazoea. Winnie mwenyewe aliitwa kuwa mzee wa baraza mara moja tu. Alivaa koti jipya, akashinda kwenye chumba cha kusubiri, hakuchaguliwa. Alinuna wiki nzima.

Lakini siku ninayoikumbuka mimi ni ya Bwana Tuckett, mkulima mstaafu. Kwao jina la Jabez, babu wa mama yake, halikutajwa mezani. Ilijulikana tu kwamba alifungiwa mahakamani kwenye kesi ya mauaji. Mzee alikuwa mgonjwa, na hakutaka kufa bila kujua.

"Niambie tu, Bi Luscombe. Alimuua nani?"

Winnie alitafuta siku mbili, kisha akamwekea karatasi mbele.

"Hakuua mtu, Bwana Tuckett. Huyu hapa, mzee wa baraza wa saba. Enzi hizo wazee wa baraza walifungiwa chumbani bila chakula wala moto mpaka wakubaliane uamuzi. Babu yako alifungiwa, hakufungwa!"

Mzee alicheka, kisha akalia. Mama yake alikufa akiamini ni mjukuu wa muuaji. Winnie, aliyewahi kumtoa kasisi nje kwa kutafuna peremende, alimsogezea simu ya ofisi palepale kwenye chumba cha kusomea. Wasomaji wote waliacha kazi wakasikiliza.

"Enid, dada yangu," alisema mzee, "leo tunaweza kulitaja jina lake."

Asante, Winnie. Umewarudishia watu wengi watu wao. Tunakuombea afya, bustani yenye jua, na siku nyingi tulivu pamoja na Desmond. Na sasa utafute ukoo wako mwenyewe, ambao miaka yote hii hukupata nafasi ya kuugusa.