Kerenza Trethowan na Sauti Isiyo Yake

Kerenza Trethowan alizaliwa tarehe 14 Agosti 1981 mjini Wallaroo, Australia Kusini, mtoto wa kwanza wa mzee Denzil, fundi wa mashine za kuvunia ngano, na mama Glenys.

Alisoma shule ya msingi hapa Moonta, kisha sekondari Kadina. Akiwa na miaka saba alishinda zawadi ya kuimba. Badala ya kushangilia, alimfuata mwalimu.

"Mwalimu, tulishindana wangapi?"

"Watatu."

"Na wale wawili walikuwa wazima?"

Mwalimu akakiri kwamba mmoja alikuwa na mafua. Kerenza akairudisha zawadi.

Mwaka 2003 alihamia Adelaide. Aliuza dawa dukani, na mwisho wa wiki akaimba kwenye baa nyimbo alizotunga mwenyewe. Huko alimpata mpiga ngoma wake, Ivo Radic. Wakafunga ndoa tarehe 7 Novemba 2009, wakajaliwa binti, Elowen.

Mwaka 2012 kampuni moja ya Melbourne ilimrekodi. Siku wimbo wake "Taa ya Jikoni" ulipopigwa redioni, nyumbani palijaa majirani na pasti za moto, vile vitumbua vya nyama na viazi. Kerenza alisikiliza, akaweka sahani chini.

"Ile sauti ya juu kwenye kiitikio si yangu."

"Mke wangu, hata mama yako kasema ni wewe," Ivo akamwambia.

"Mama kasikilizia kwenye simu."

"Sasa nani aimbe kwa jina lako?"

"Hicho ndicho ninachotaka kujua."

Kampuni ilimwambia amechoka, apumzike. Alisafiri hadi Melbourne, akakaa siku tatu nje ya studio akimhoji kila mwanamke aliyeingia. Siku ya tatu msichana mmoja, Leanne Dusek, aliangua kilio. "Dada, waliniambia umeridhia!"

Kerenza alidai jina la Leanne liandikwe kwenye wimbo. Kampuni ikavunja mkataba, na ziara ya miji tisa ikafutwa. Wawili hao wakarekodi upya katika karakana ya mzee Denzil, majina yote mawili yakiwa kwenye jalada. Waliimba pamoja miaka kumi.

Februari 2023 alianza kuumwa tumbo. Daktari alipovuta kiti na kuketi karibu naye, Kerenza alimkazia macho. "Daktari, wewe kwa kawaida hukai chini. Sema tu." Ilikuwa saratani ya kongosho.

Wiki yake ya mwisho Ivo alimwambia anampenda.

"Unasema kwa kuwa naumwa."

"Nilisema hata siku ya harusi."

"Siku ile ulikuwa umelewa."

Ivo akarudia kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya nne Kerenza akamshika mkono. "Haya. Nimekuamini."

Alifariki nyumbani kwa wazazi wake hapa Moonta, Alhamisi tarehe 2 Mei 2024, saa nne asubuhi. Ameacha mume, binti, wazazi wake wote wawili, mdogo wake Jory, na Leanne, atakayeimba leo peke yake.

Kerenza, pumzika bila wasiwasi.