Kiberiti na Fungu la Mwaka wa Pili

Tarehe thelathini mwezi huu, mkuu wa kitengo cha uchangishaji katika shirika letu la misaada atarudisha funguo za ofisi yake baada ya miaka ishirini na saba ya kuomba. Ndiyo, kuomba. Yeye mwenyewe hataki neno jingine. Kila alipoajiriwa mtu mpya aliyejitambulisha kwa wageni kama mtaalamu wa uhamasishaji rasilimali, alimrekebisha papo hapo, mbele ya hao hao wageni: mwanangu, sisi ni ombaomba wenye mhuri, kwa hiyo jifunze kuomba vizuri.

Wote tunamwita Kiberiti. Jina hilo alipewa na mlinzi wa getini katika juma lake la kwanza kazini, baada ya kumwona akimfokea mfadhili aliyewafuata watu waliounguliwa nyumba na moto wa nyika akiwa na kamera tatu na mablanketi mawili. Jina likaganda. Mwaka mmoja dereva wetu, bila kufikiri, alipiga simu katika kijiji kilichoungua miezi michache tu kabla, akawaambia wajiandae, kesho asubuhi Kiberiti anafika. Tulikuta ndoo za maji zimepangwa njia nzima na wanaume wameshika matawi mabichi. Akashuka garini, akazitazama zile ndoo, akanawa uso kwenye ya kwanza na kuwashukuru kwa mapokezi.

Alianza kama karani wa ghala. Enzi hizo, moto ukiunguza mahali popote, malori yalishusha kwetu chochote: viatu vya mguu mmoja, makoti ya manyoya, magauni ya harusi. Niseme bila kupaka rangi: watu wengi hawatoi msaada, wanasafisha makabati. Kiberiti alilisema hilo hadharani, tena katika hotuba aliyopewa ya kuwashukuru watoaji. Aliinua gauni la harusi lenye mkia mrefu, akauliza nani ukumbini angependa kuzoa majivu akiwa amelivaa. Watu wakacheka, kisha wakaona haya, kisha wakatoa mabati. Huo ndio umekuwa utaratibu wake hadi leo: kicheko, haya, mabati.

Lakini kitu atakachokumbukwa nacho ni fungu la mwaka wa pili, na hapa inabidi tutulie kidogo.

Wakati moshi bado unaonekana, kila mtu ana huruma. Magari yanafika, wakubwa wanafika, picha zinapigwa. Mwaka unaofuata miti ni mikaa iliyosimama, mlima hauna mizizi ya kushika udongo, mizinga haina nyuki, mbegu za kupanda zililiwa zamani kwa njaa, na simu hailii. Kiberiti aliliona hilo mara nyingi mno akiwa ghalani. Alipopandishwa kuwa mkuu wa kitengo, akaweka kanuni: kila mchango ugawanywe, nusu itumike sasa, nusu ifungiwe benki hadi mwaka wa pili. Asiyetaka aende na hela yake.

Ilikuwa kanuni ya mtu mkaidi, na nusura immalize. Ulipotokea ule moto mkubwa wa miteremkoni, uliokula msitu wote wa juu na nyumba za chini yake, watu walijazana kwenye mahema uwanjani mwa shule. Magazeti yakaandika kwamba tunakalia michango. Bodi ikamtaka afungue fungu. Kwenye mkutano katika ukumbi wa shule ile, mwokaji mikate mmoja, mama wa watoto wanne ambaye tanuri lake lilikuwa limebaki rundo la matofali meusi, alisimama na kumpasulia: "Dada, kuku akiatamia mayai tunaelewa. Wewe umeatamia hela zetu, zitaangua nini? Wanangu wanalala kwenye tope, wewe unanisimulia habari za mwakani!" Ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Mwenyekiti wetu wa bodi, meza ya mbele, naye akapiga makofi.

Kiberiti aliinuka. Alimwomba yule mama ampeleke akayaone hayo mahema. Walizunguka uwanja mzima, mmoja mbele akiendelea kufoka, mwingine nyuma akichungulia kila turubai linalovuja. Aliporudi, viatu mkononi, aliandika kanuni upya: paa kwanza. Mtu awe chini ya paa lisilovuja, ndipo michango igawanywe. Fungu likamegwa kwa ajili ya mapaa, lakini kilichobaki alikataa katakata kukigusa. Bodi ikamwambia basi, mwaka ukiisha bila fungu hilo kuonyesha maana yake, aondoke nalo mlangoni. Na zipo familia ambazo hazikungoja. Zilihama, hazijarudi. Kiberiti huzitaja kila anapowafundisha wafanyakazi wapya, ili asitokee wa kudhani kwamba kanuni ile haikumgharimu mtu kitu.

Mvua za mwaka wa pili ziliukuta mteremko mtupu. Udongo ukaporomoka, ukaziba barabara, mifereji na kisima. Tukawapigia wafadhili wa mwaka uliotangulia. Mmoja wao, aliyepigwa picha nyingi kuliko waathirika wenyewe, alituuliza: moto gani huo?

Fungu likafunguliwa asubuhi hiyo hiyo. Wenyeji wenyewe waliajiriwa kuzibua kisima, kujenga kuta za mawe na kupanda miche, na kwa mara ya kwanza tangu moto ule wakashika ujira badala ya kupanga foleni ya unga. Tanuri nalo likajengwa. Yule mwokaji hakuomba radhi, wala Kiberiti hakuidai. Alichofanya ni kuja ofisini na mkate wa kwanza ungali moto, akaukata mbele yetu, nusu akamwekea Kiberiti mezani, nusu akaifunga kwenye kitambaa na kuondoka nayo. Hii, alisema akiwa mlangoni, ni ya mwakani.

Ilipotangazwa kwamba anastaafu, baadhi ya wajumbe wa bodi walianza kukohoa. Wakasema zama zimebadilika, wafadhili wanataka matokeo ya haraka, fungu lifutwe mama akishapumzika. Matokeo ya haraka! Hayo ni maneno ya watu ambao nyumba zao hazijawahi kuungua. Mwezi uliopita jambo hilo likapigiwa kura. Yule mwokaji sasa ni mjumbe wa bodi, na tunaambiwa alisimama kabla mwenyekiti hajamaliza kusoma hoja. "Jamani," alisema, "mimi nimemtukana huyu mama kuliko ninyi wote mkijumlishwa, kwa hiyo nisikilizeni. Siku ya moto nilikuwa na marafiki kila kona. Siku ya tope nilikuwa na fungu hili tu."

Kiberiti alikuwa nje kwenye korido, akijifanya anasoma maelekezo ya kizima moto kilichotundikwa ukutani, maelekezo aliyoyaandika mwenyewe. Mlango ulipofunguliwa akaambiwa kwamba fungu limebaki, na kwamba sasa limeingizwa kwenye katiba ya shirika, pamoja na sharti la paa kwanza. Akasema haya, basi naweza kwenda. Kisha akauliza nani ameacha taa za ghalani zikiwaka mchana kweupe.

Tunamshukuru mume wake, fundi seremala, anayelalamika kwamba ndiye mchangiaji pekee wa miaka yote ambaye hajawahi kuandikiwa barua ya shukrani. Mzee wetu, hesabu kwamba barua yako ni hii. Tunawashukuru wanawe na wajukuu waliovumilia mama na bibi aliyeomba hata kwenye harusi zao.

Na wewe, Kiberiti: wafanyakazi wamekuchangia zawadi. Kwa kufuata katiba, tulianza na paa. Fundi tuliyemtuma amepanda juu ya nyumba yako, amelikagua, halivuji. Ndipo tukagawa. Nusu utapewa siku ya sherehe. Nusu imefungiwa, usiiulizie, wala usimtume mzee wako aje kutubembeleza. Mwaka huu wa kwanza nyumba yako itajaa wageni, na simu itakuchosha kwa kulia. Tunakutakia uufurahie, kwa afya na usingizi mnono. Ukija ule wa pili, simu ikishanyamaza, chungulia getini. Tutakuwa hapo nje, na nusu iliyobaki.