Hawa Siyo Ngurumo Nne

Mbele ya duka la kinyozi, chini ya bati linalovuja upande mmoja tu, kuna benchi ambalo mguu wake wa nne ni tofali. Hapo ndipo mambo ya dunia huamuliwa kila jioni kazi zikipungua. Mwenye duka ni Mkasi, mgane wa miaka mingi, mtu wa maneno machache anayenyoa vichwa vya mtaa mzima bila mtu kujua kichwani mwake mna nini. Kulia kwake hukaa Nyaya, fundi wa redio ambaye siku hizi hutengeneza simu kwa shingo upande. Kushoto hukaa Refa, dereva mstaafu wa lori, aliyechezesha mechi moja tu maishani mwake, akatoa penalti mbili, akakimbizwa, jina likabaki. Kahawa humiminwa na Mama Kahawa. Yeye haketi, maana anasema akiketi nao ataanza kuwaamini.

Siku hiyo Refa alikuja ameibeba simu kwa mikono miwili kama bakuli la supu ya moto. Mpwa wake alikuwa amemtumia wimbo, na siyo wimbo wowote tu, bali wa Ngurumo Nne, wale vijana wanne wa magitaa ya umeme. Enzi zao, hawa wazee watatu wa benchi walivaa suruali pana za kufagia barabara na kufuga nywele mpaka mama zao wakakataa kuongozana nao. Bendi ilivunjika, kanda zikaliwa na mashine moja moja, na miaka ikapita hawasikiki popote. Sasa kumbe kuna mtu kawafukua, na watoto ambao hawakuwa hata wamezaliwa wakati ule wanawasikiliza kwenye simu.

Refa akabonyeza. Gitaa likaingia peke yake, likikwaruza, kisha likapanda. Mkasi alihisi malaika yakimsimama mikononi. Aliuona ule ukumbi wenye joto, akamwona na mke wake, wakati huo hajawa mke wake, amepanda juu ya kiti, viatu mkononi, anaitikia kuliko waimbaji wenyewe. Halafu ngoma zikaingia, na utamu ukaingia shubiri.

— Mbona wanakimbia hivi? akauliza Refa. Wanafukuzwa?

Wakaurudia. Kweli, wimbo ulikuwa unakwenda mbio. Hata sauti ya mwimbaji, waliyoizoea nzito kama ya mtu aliyetoka kushiba, ilikuwa nyepesi, ya kijana.

— Hawa siyo Ngurumo Nne, Refa akakata shauri. Hawa ni watu wa kuokotwa. Wahenga walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Kamba iko wapi hapo? Mkasi akauliza.

— Kamba ndiyo hiyo haraka yao.

Mkasi yeye aliona kosa ni la simu. Alisema simu huzibana nyimbo ili ziingie nyingi, kama mtu anavyobana nguo kwenye sanduku la safari, na kitu kikibanwa lazima kitoke na mikunjo. Refa akasema siyo bure, wenye mitambo wanaharakisha makusudi ili umalize upesi ufungue wimbo mwingine. Alipoona hapingwi akapiga hatua nyingine: mpiga ngoma alikuwa na pacha wake, huyo pacha ndiye aliyepiga humu, na bila shaka ndiyo sababu bendi ilivunjika. Na kama hilo nalo hawalitaki, basi wajue dunia yenyewe inazunguka kwa kasi kuliko zamani. Mwaka wa siku hizi haufiki mwaka. Asiyeamini amuulize mpangaji yeyote kodi inavyorudi.

— Au ni ninyi mmekuwa wazito, Mama Kahawa akasema, akimimina.

Mkasi akaingia ndani, akarudi na ushahidi. Juu ya rafu, nyuma ya chupa za spiriti, alikuwa na redio kaseti yake ya ujana na kanda moja ya Ngurumo Nne iliyosalimika. Wakaanzisha simu na redio kwa pamoja, wimbo uleule. Ubeti wa kwanza vilikwenda bega kwa bega. Kufika wa pili, simu ilikuwa imeshaingia kwenye kiitikio, na redio bado inajivuta huko nyuma. Refa akainua mkono na kuipa redio ushindi. Alisema chombo cha zamani hakina unafiki.

Nyaya hakuwa amesema neno tangu wimbo uanze, na kwa mtu wa domo kama lake hiyo ilikuwa dalili mbaya. Aliivuta redio mapajani, akaigeuza, akafungua mgongo kwa bisibisi aliyokuwa nayo mfukoni. Akaangalia ndani kwa muda.

— Mota hii siyo yake, akasema. Niliiweka mimi. Ilikuwa ya mashine nyingine kabisa.

Akaeleza taratibu, anamtazama Mkasi tu. Mwaka ule Mkasi alipofiwa na mkewe, alikuwa anacheza kanda moja asubuhi na jioni, anairudisha nyuma, anaicheza tena, mpaka mota ikaungua. Nyaya akatafuta nyingine popote alipoweza. Aliipata, ila ilikuwa mvivu kidogo. Alitaka kuirekebisha, lakini Mkasi alikuwa amesimama pale mlangoni na macho mekundu, anataka redio yake. Wakakubaliana Mkasi airudishe wiki inayofuata.

— Hiyo wiki haijafika mpaka leo, Nyaya akasema.

— Kwa hiyo simu ndiyo iko sawa? akauliza Refa.

— Simu iko sawa. Ni sisi tumewasikiliza miaka yote hiyo wakiwa wanajivuta, mpaka tukasahau walivyokuwa.

Refa akaanza kuomboleza ushindi wake, lakini Mkasi hakumsikia. Kanda iliyounguza mota ilikuwa nyingine, siyo hii, nayo haikuwa ya Ngurumo Nne peke yao. Mkewe ndiye aliyeirekodi kwenye mashine ya bweni, alipokuwa mbali akisomea uuguzi, kabla hawajaoana. Nyimbo zilipokwisha, alisema maneno machache. Alifariki mtoto wao akiwa bado anatambaa, na maneno yale ndiyo sauti pekee aliyoiacha duniani.

Binti yao alikulia akiisikiliza. Ilikuwa sauti nzito, ya kujikokota, inamwambia Mkasi kwamba amekubali kuolewa, halafu inaishia kwenye kitu kama kwikwi. Alipokuwa mdogo aliuliza mama analia nini, na Mkasi akajibu alikuwa amechoka na kazi. Alipokuwa mkubwa hakuuliza tena. Ila mwaka jana, alipoletewa posa na kijana ambaye kila mtu aliona anampenda, aliikataa. Alimwambia baba yake, bila hasira, kwamba hataki kukubali huku analia kama mama. Toka siku hiyo, kila Mkasi akimwona peke yake kwenye cherehani yake, roho ilimuuma.

Sasa binti huyo alikuwa amesimama hapo hapo kando ya benchi. Alikuja kuchukua ufunguo wa nyumba, akawaamkia wazee, akakuta Nyaya anasimulia habari za mota.

— Baba mdogo, akamwambia Nyaya, kasi yake unaweza kuirudisha?

— Kuna kiskrubu nyuma ya mota, mwanangu. Ni kukigeuza tu.

— Acha, Mkasi akasema. Usiguse.

Wote wakamgeukia.

— Hiyo ndiyo sauti niliyo nayo. Ukiibadilisha, akatoka mtu nisiyemjua, nitakuwa nimebaki na nini?

— Wewe ulimsikia mwenyewe, baba, binti akasema. Mimi nina hii tu.

Mkasi akainuka, akaingia dukani, akaitoa kanda kwenye droo chini ya taulo.

Nyaya alitumia simu kama kipimo. Gitaa la simu likaanza, la redio likaanza, naye akawa anagusa kile kiskrubu kidogo kidogo, sikio limeinama. Magitaa mawili yakapishana, yakakaribiana, halafu yakawa moja. Wazee watatu walikaa wakitikisa vichwa pamoja, na kwa ubeti mzima hakuna aliyekuwa na mvi. Refa alifuta macho akasingizia moshi wa jiko la kahawa. Mama Kahawa akamwachia, ingawa jiko lilikuwa upande wa pili.

Kisha Nyaya akabadilisha kanda.

Sauti ilitoka nyepesi, ya haraka, imejaa utundu. Ilisema: "Haya bwana, nyimbo zimeisha na betri zinakata roho. Mwambie mama yako nimekubali. Ila hizo nywele nakuja kuzinyoa mimi mwenyewe." Na ile kwikwi ya miaka yote ilikuwa kicheko. Alijaribu kukizuia kikamshinda, na nyuma yake wasichana wa bwenini wakacheka naye.

Mkasi alimjua palepale. Alikumbuka mkewe alivyokuwa akicheka hata msibani, akalazimika kujifunika kanga usoni watu wadhani analia. Alikuwa amelisahau hilo. Alifurahi mpaka akaona aibu, na aibu ikazidi furaha.

Binti akairudisha nyuma mwenyewe, akasikiliza tena, mkono mdomoni. Kisha akawatazama mmoja mmoja, hawa wazee ambao wote watatu walishacheza muziki na mama yake.

— Alikuwa anacheka, akasema. Na ninyi nyote mlimjua. Mbona hakuna aliyewahi kuniambia?

Refa akafungua mdomo, akatafuta methali, akaikosa. Nyaya akainamia bisibisi yake. Mkasi alitaka kusema ni mashine, lakini alijua aliyeishi nyumba moja na mkewe si mashine, ni yeye. Akasogea kwenye benchi, akampisha nafasi, na binti yake akakaa akisubiri asimuliwe.