Bibi Kioo na Kifungu cha Saba

Nilimfahamu marehemu shemeji yangu mwezi Februari 1994, alipoingia dukani kwangu kutafuta milango. Alikuwa mlezi wa wanafunzi chuoni, na alitaka milango ya ofisi za wahadhiri iwe na kioo usawa wa macho. Nilishuku kuna muuza vioo anamkatia chochote. Yeye alishuku mbao zangu. Aligonga kila mlango, sikio akiwa amelitega.

"Huu mbichi, kaka."

"Mkavu huo, dada. Na kioo cha nini? Wahadhiri wenu wanauza keki?"

"Nataka kuona wanachouza."

Alichukua milango, kisha akamchukua na kaka yangu, mwalimu wa hesabu. Walifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1996. Kaka husema alikaguliwa kuliko ile milango.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa mkunga na fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya zahanati. Shule alifaulu vizuri. Chuoni alirudia mwaka. Mhadhiri mmoja alizuia alama zake, akamwambia wakazizungumzie nyumbani kwake. Alipokwenda kushtaki kwa mkuu wa idara, aliambiwa, "Nenda mkaelewane." Wale wawili walikuwa wakila meza moja kila mchana.

Ndiyo maana hakumwamini mtu aliyesema jambo limalizwe ndani. Wahadhiri walipoziba vioo kwa kalenda, alipita asubuhi akizibandua, wakamwita Bibi Kioo. Mwaka 2009 aliandika sera ya chuo dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Kifungu cha saba kilisema malalamiko ya mwanafunzi yasisikilizwe na idara ya mtuhumiwa, bali na kamati yenye watu wa nje, na mitihani ya mwanafunzi huyo isahihishwe na mhadhiri mwingine. Wakubwa walimwahidi unaibu mkuu wa chuo akikifuta.

"Sheria ya nchi ipo, mama. Tujibane ya nini?"

"Sheria ya nchi iko mahakamani. Mtoto wa watu yuko mlangoni kwenu."

Kifungu kilipita. Cheo akapewa mwingine.

Mei mwaka jana aligundulika na saratani ya ini. Wodini alisoma tarehe ya kila dawa kabla ya kuimeza, na muuguzi akazoea kumpa miwani kwanza. Alifariki alfajiri ya tarehe 11 mwezi huu, kaka akiwa amemshika mkono.

Juzi mkuu wa chuo alikuja msibani na ombi: sera ipewe jina la marehemu.

"Sera yote?" nikamuuliza.

"Yote, mzee. Ila kifungu cha saba kinapitiwa upya."

"Na nani?"

"Wakuu wa idara."

Kaka akasema, "Jina haliji bila kifungu."

Mkuu alikwenda, jana akarudi amekubali. Kwa kuwa makubaliano ya sebuleni siyaamini, kifungu chote kimechapwa nyuma ya ratiba hii ya mazishi mliyoishika. Wanafunzi, msiiache kwenye viti.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja ambaye ni wakili, dada wawili na mimi shemeji yake. Yeye alikosa cheo. Chuo kimepata jina la kujivunia, nanyi kifungu mnacho mkononi. Sasa na apumzike kwa amani. Kazi ya kushuku ametuachia sisi.