Mwalimu Elsie Nasambu na Mchezo Uliozimiwa Taa

Mchungaji, wazee wetu, akina mama, walimu, majirani wa Migosi na jamaa mliotoka Kamukuywa alfajiri, familia ya Bwana Joram Ouma pamoja na ukoo wa marehemu Mzee Wakhisi inawashukuru kwa kufika hapa nyumbani, karibu na Sondu, leo Jumamosi tarehe 15 Novemba 1997, na imemtuma Absalom Wakhisi, ndugu aliyemfuata Elsie kuzaliwa, asome maisha ya dada yake hatua kwa hatua, bila kuruka mwaka hata mmoja.

Tunasema bila kuruka mwaka kwa sababu Jumatano iliyopita, katika mkutano wa matayarisho, bwana mmoja wa kamati aliomba miaka ya 1987 hadi 1994 ifupishwe iwe sentensi moja tu, kwamba marehemu alipenda michezo ya kuigiza, ili wageni wa heshima wasikwazike. Mume wa marehemu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mzee, bibi yangu hakuwa na miaka ya kutupwa." Basi tutaisoma yote, na atakayekwazika atuwie radhi, au asituwie.

Elsie Nasambu Wakhisi alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 11 Machi 1948, huko Kamukuywa, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Wakhisi, fundi seremala, na Mama Nakhungu, ambaye yu hai na ameketi pale mbele. Alianza masomo mwaka 1955 katika shule ya misheni iliyokuwa ng'ambo ya mto, na walimu wake walimkumbuka kwa jambo moja, kwamba katika maigizo ya Krismasi, wasichana wengine walipogombania kuwa malaika, yeye aliomba kila mwaka apewe nafasi ya mtu mwovu, akieleza kwamba huyo ndiye mwenye maneno mengi. Aliingia sekondari ya bweni Januari 1963, akafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 1966, akasomea ualimu kuanzia 1967 hadi 1969, na tarehe 12 Januari 1970 akaripoti Kisumu kufundisha Kiswahili na fasihi katika shule ya wasichana ambayo leo hatutaitaja, kwa maana wasichana walio ndani yake sasa hawana kosa lolote.

Bwana Joram Ouma, wakati huo karani wa bandari, alimjua pale gatini Agosti 1972, Elsie alipofuata sanduku la vitabu vya shule akakuta limelowa, wakakaa wawili hao mchana kutwa wakianika kurasa juani, na Joram anasema mpaka leo hajui kama alimpenda kwa uzuri au kwa vile alivyokuwa akimsomea kila ukurasa kabla ya kuugeuza. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Desemba 1974, wakapanga nyumba Migosi, na Mungu akawajalia watoto watatu, Dorca mwaka 1975, Ochieng mwaka 1978 na Rosa mwaka 1982.

Sasa tunafika mwaka 1987.

Januari ya mwaka huo Elsie aliwasomea wasichana wa kidato cha tatu tanzia moja ya kale sana ya Wagiriki, habari ya dada anayemzika kaka yake ilhali mfalme ametangaza kwamba maiti ile iachwe nje iliwe na ndege, na wasichana, badala ya kunakili maelezo ubaoni, walianza kubishana, maana hakuna mtoto wa kando ya ziwa asiyejua uzito wa mtu kukosa kuzikwa. Wakamwomba waiandike upya kwa Kiswahili chao. Mfalme wakamfanya mkubwa wa ufuo mwenye askari na daftari, kundi la waimbaji la mchezo ule wa kale likawa wanawake wauza omena, wale dagaa wa ziwani, na maiti ikalala mchangani mbele ya watu wote, chini ya shuka moja nyeupe. Nafasi ya dada alipewa Beldina Aoko, binti wa Nyamasaria mwenye umri wa miaka kumi na sita, mwembamba, mwenye sauti ambayo Elsie alisema inafika ukutani kabla ya mdomo kufunguka.

Walifanya mazoezi wiki nane katika ukumbi wa kulia chakula, na katika wiki ya sita mkuu wa shule alimwita Elsie akamtaka abadilishe mwisho, mkubwa amsamehe binti, watu waimbe, waende nyumbani wakiwa na furaha. Elsie alikataa. "Kama binti hafi," alisema, "basi mkubwa hana kosa, na sisi tumewapotezea watoto wakati."

Mchezo uliigizwa Jumamosi tarehe 14 Machi 1987 katika tamasha la shule, na haukumalizika. Beldina alipoinama kutupa mchanga juu ya shuka, wanawake wa nyuma wakilia waziwazi, mgeni wa heshima, afisa mmoja aliyekuja na wakubwa wenzake, aliinuka kitini akauliza kwa sauti, "Nani amewatuma nyinyi?" na kabla mtu hajajibu, taa za jukwaa zilizimwa. Wasichana kumi na wanane walitolewa nje wakapigishwa magoti kwenye kokoto, wengine wangali na kanga za mchezo. Na wakubwa wale hawakuondoka, waliingia katika chumba cha kando kula kuku waliokuwa wameandaliwa, na Elsie alipoitwa humo kujieleza alikuta nakala ya mchezo, ile nakala moja safi iliyoandikwa kwa mikono ya wasichana, iko mezani katikati ya mifupa, na bwana mmoja akipangusia vidole ukurasa wa mwisho, huku mkuu wa shule akiwaongezea mchuzi na kucheka kila wanapocheka. Alimwambia mumewe jioni ile kwamba hofu hakuihisi hata kidogo, alichohisi ni kichefuchefu, kama mtu aliyekunywa maji halafu akaona kilichokuwa ndani ya mtungi.

Aliitwa kuhojiwa siku tatu mfululizo, kuanzia tarehe 18 hadi 20 Machi, na swali lilikuwa moja tu, nani aliyaandika maneno ya yule dada. Elsie alijibu siku zote tatu kwamba ni yeye, kila neno. Leo, kwa ruhusa ya mwenyewe, familia inaeleza kwamba haikuwa hivyo. Maneno yale yaliandikwa na Beldina Aoko, usiku mmoja baada ya kusoma kwa taa ya bweni, naye alikuja Migosi akilia na kumwambia, "Mwalimu, hii maneno ni yangu, wacha niende niseme." Elsie alimkalisha, akampa chai, akamwambia, "Wewe una mtihani. Mimi nilishafanya yangu." Beldina hakufukuzwa shule.

Siku ya tatu ya mahojiano Elsie alionyeshwa barua ya kurasa mbili iliyompeleka pale, barua iliyotaja mistari kwa namba na kueleza kila mstari umemlenga mkubwa gani, na hakuhitaji kutafuta sahihi, maana mwandiko aliufahamu, ulikuwa wa mwalimu mwenzake wa fasihi, mtu waliyekuwa wakisahihisha mitihani pamoja kwenye meza moja tangu mwaka 1979, aliyekula Krismasi mbili nyumbani kwake na kumbeba Rosa akiwa mchanga. Jina lake halitasomwa hapa. Historia hii ni ya Elsie, na jina lile lingeichafua.

Mwezi Mei mwaka uleule Elsie alihamishiwa shule ndogo ya kutwa ufuoni, vyumba vinne na choo kimoja, akanyimwa kupandishwa cheo kwa miaka saba, na mjini walimu waliomjua walivuka barabara wakimwona. Ni wawili tu waliokuja kumtembelea, na mmoja wao, Mwalimu Masinde, alikuja na mfuko wa unga, akaketi sebuleni saa nzima bila kusema neno, akaenda zake. Elsie alisema hayo ndiyo maongezi bora aliyoyapata mwaka huo.

Miaka ilipita, upepo wa nchi ukageuka, na watu walewale waliokuwa wakinong'ona wakaanza kusema kwa sauti kwamba wao walikuwa mashujaa tangu zamani. Mwanzoni mwa Machi 1993 Elsie alipokea kadi ya mwaliko. Yule mwalimu mwenzake wa fasihi, mwenye ile barua, sasa akiwa mkubwa wa michezo ya kuigiza, alikuwa anaonyesha tanzia iliyoandikwa upya kwa mazingira ya ziwani, na kwenye kadi mtunzi aliyetajwa ni bwana huyohuyo.

Alikwenda, Jumamosi tarehe 20 Machi, akiwa na Joram, wakaketi safu ya saba. Aliyasikia maneno ya Beldina kinywani mwa mtoto mwingine, neno kwa neno, akavumilia. Kisha ukafika mwisho, mkubwa akasamehe, binti akaposwa na mwana wa mkubwa, ngoma zikapigwa, vigelegele vikalia, waigizaji wakazunguka jukwaa wakicheza harusi, na katikati yao yule kijana aliyeigiza maiti alikuwa angali amelala chini ya shuka yake, kwa kuwa katika kubadilisha mwisho hakuna aliyekumbuka kwamba maiti haijazikwa. Walimruka. Bibi harusi mwenyewe alimruka, gauni likimpita usoni, na watu wakacheka na kupiga makofi, na mchezo ukapewa kombe.

Pale mlangoni mtunzi yule alimfuata, mkono ameunyosha, akasema, "Dada Elsie, umeona tulivyoiboresha?" Elsie aliweka mikono yake nyuma. "Nilinawa nyumbani," alisema, akapita.

Bwana Joram anasimulia kwamba kwa siku mbili Elsie hakuonja chakula, kila sahani ikiletwa aliisukuma, na alipombembeleza, "Mama Dorca, kula hata kidogo," alimjibu kwamba kuibiwa si kitu, mwizi ana njaa yake, barua nayo ilikuwa ya mwoga, na mwoga anaweza kuhurumiwa, lakini watu mia nne wameketi na kutazama mtu akirukwarukwa kama gogo, wakashangilia. "Wamesahau kumzika, Joram," alisema. "Mchezo wote ni huo mmoja tu, na wamesahau."

Siku ya tatu alikula, na siku ya nne alimwandikia Beldina, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu mwanafunzi chuoni. Nakala ile iliyochukuliwa haikurudishwa kamwe, kwa hiyo iliwabidi waukumbuke mchezo kipande kwa kipande, Beldina akaja kila likizo, wenzake wa zamani wakatuma kwa barua mistari waliyoishika, mmoja kutoka Kericho, mmoja kutoka Webuye, mmoja akiwa na mtoto mgongoni akaja mwenyewe kusema maneno mawili aliyokuwa na hakika nayo. Ilichukua mwaka na zaidi.

Tarehe 9 Julai 1994, siku ya Jumamosi, saa tisa alasiri, wanafunzi wa ile shule ya vyumba vinne waliuigiza mchezo uwanjani, hapana kombe, hapana mgeni wa heshima, watazamaji wakiwa wavuvi, wauza omena na wazazi waliobeba viti vyao kutoka nyumbani. Binti alipoinama kutupa mchanga juu ya shuka, bibi mmoja aliyeketi mbele aliinuka, akachota mchanga, akautupa naye, akianza kulia kwa Kijaluo kama amliliaye mtu wake, na nyuma yake wakainuka wengine, mpaka mwigizaji akabaki amesimama hajui afanye nini, na Elsie akamwashiria kwa mkono angoje. Wakangoja. Wanawake walipomaliza waliketi, na mchezo ukaendelea hadi mwisho wake wa kweli, binti akafa, na mkubwa akabaki peke yake na daftari lake. Hakuna aliyepiga makofi. Watu waliondoka polepole wakimpa mwalimu mkono mmoja mmoja, kama watu wanaotoka mazikoni. Elsie alimwambia Beldina, "Sasa umekwisha," na jioni hiyo alikula samaki wawili.

Uvimbe katika titi ulionekana Septemba 1996, akafanyiwa upasuaji tarehe 22 Oktoba, akarudi darasani Januari, akaanguka mbele ya wanafunzi tarehe 17 Juni 1997, na hakurudi tena. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Novemba 1997, saa nne asubuhi, mumewe akiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa. Ameacha mume, watoto watatu, mama yake mzazi na ndugu sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi aliyolazwa, waliomsafisha kwa upole hata alipokuwa hana tena nguvu ya kushukuru. Inawashukuru majirani wa Migosi kwa kuwatunza watoto, Mwalimu Masinde kwa ule unga, walimu wa shule ya ufuoni waliogawana vipindi vyake bila kunung'unika, na akina mama wauza omena waliokuja kwa miguu na sufuria zao vichwani kutupikia sisi sote.

Kuna mmoja zaidi. Jana tuliletewa ujumbe kwamba bwana fulani, ambaye shada lake ndilo kubwa kuliko yote, ameandaa hotuba ya kurasa mbili kwa niaba ya walimu, akijieleza kuwa ndiye aliyemkuza marehemu katika sanaa. Kurasa mbili zake tulishazisoma mwaka 1987. Bwana huyo anakaribishwa kula, kama kila aliyekuja kwenye boma hili, lakini karatasi hiyo airudishe mfukoni. Atakayesema kwa niaba ya walimu ni Mwalimu Beldina Aoko, na tunamwomba aanze kusogea mbele.

Dada yetu, Mwalimu, Mama Dorca, hatukuruka mwaka. Lala sasa, pumzika kwa amani, tuko hapa wote, na tunakuzika.