Bonde Zima Tumekubaliana

Betta alikuwa kwenye mashua ya kutoka kisiwa cha Gozo kwenda kisiwa cha Malta, kikapu cha jibini mapajani. Mbele yake mkulima mmoja na bibi kizee walikuwa wakibishana.

"Kiangazi hiki silali ngomeni," mkulima alisema. "Kule kuna kunguni, na punda wa jirani anakoroma kuliko jirani mwenyewe."

"Amri ni amri, mwanangu. Jua likizama, kila mtu ndani ya kuta. Maharamia hawapigi hodi."

"Na matikiti yangu alinde nani?"

"Babu yangu naye alikuwa na matikiti. Maharamia walimkuta amelala katikati yake, wakamchukua utumwani, akaenda kufia Tripoli."

Betta alimwona mkulima yule ni mjinga, lakini mjinga wa mama mwingine, kwa hiyo akaendelea kustarehe.

"Basi wajinga tuko wengi, bibi. Bonde zima la Marsalforn tumekubaliana. Hata yule Ventura mwenye mapacha amehamishia kitanda shambani, karibu na maji, watoto wapate upepo."

Ventura ni binti wa Betta. Jumapili iliyopita alimwapia mama yake kwamba ngomeni wanalala vizuri, na mama akaridhika bila kwenda kutazama. Akina mama, mkiapiwa, nendeni mkatazame.

"Upepo," bibi alisema. "Ndio unaowaleta hao maharamia."

Walikuwa bado wanabishana mashua ilipogusa Malta. Abiria wote walishuka isipokuwa Betta, aliyemuuliza nahodha anarudi Gozo saa ngapi.

"Kesho asubuhi, mama."

Nyuma yake jua lilikuwa linashuka upande wa Gozo.